Mteja Wako Sijamwona

Tangu nilipokabidhi funguo za chumba chetu pale Makutano, vijana wa ushauri nasaha wananiuliza swali moja: "Mama Njeru, miaka yote hiyo ulikuwa unafanya nini humo ndani na mlango umefungwa?" Kazi ya mshauri wanaijua. Mtu anakuja na shida yake, mshauri anamsikiliza. Ila yule anayekaa na mshauri baadaye, kumsikiliza yeye aliyesikiliza, wanamwona kama mzee aliyepewa kiti kwa heshima ya mvi.

Basi nitawaeleza. Habari za vyeo nitaziruka. Havikuwa vingi, na sikumbuki kimoja kilichomsaidia mtu.

Mimi ni mzaliwa wa Embu, upande wa Runyenjes, nikaolewa Meru. Nilianza kama muuguzi. Ukimwi ulipoanza kujaza wodi zetu hakuna aliyetufundisha jinsi ya kumwambia mtu majibu yake. Daktari alimpa muuguzi karatasi kisha akatoka kwa mlango wa nyuma. Aliyebaki na mgonjwa ni muuguzi, na mara nyingi muuguzi huyo nilikuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni na sikujua mlango wa nyuma uko wapi.

Baadaye tulipelekwa mafunzo ya ushauri. Mkufunzi wetu alifuata ile njia inayomweka mtu katikati. Mshauri hatoi maagizo wala hahubiri. Anamheshimu mteja bila masharti, anajaribu kuyaona mambo kutoka pale mteja aliposimama, na yeye mwenyewe anakuwa mkweli, havai uso wa kuazima. Anaamini kwamba mtu akisikilizwa kwa kweli, atapata njia yake. Kwa muuguzi aliyezoea kumwambia mgonjwa geuka, meza, lala, ilikuwa kama kufundishwa kutembea upya.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama wa makamo kutoka Igoji. Nilikuwa nimekariri sentensi zangu usiku kucha. Akasema ana uchungu. Nikasema, kama nilivyofundishwa, "Ninakusikia ukisema kwamba una uchungu." Akasema watoto wake hawamtembelei. Nikasema, "Ninakusikia ukisema watoto hawakutembelei."

"Mwanangu," akasema, "mbona unanirudishia maneno yangu? Nimekuletea uyashike."

Sikuwa na sentensi ya hapo. Nikanyamaza, na nadhani huo ndio ulikuwa msaada wa kwanza niliompa. Alirudi wiki iliyofuata, labda kuona kama nimepona.

Kila mshauri alitakiwa awe na msimamizi wake, mshauri mzoefu ambaye anamwendea kwa wakati uliopangwa kuzungumza juu ya kazi. Wangu alikuwa Embu mjini, mama mnene mwenye sauti ndogo, aliyekuwa afisa wa ustawi wa jamii kabla ya kusomea ushauri. Tulimwita Madam Ciarunji. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kanisa, kimepakana na darasa la ushonaji, kwa hivyo mazungumzo yetu yote yalifanyika juu ya mlio wa cherehani. Alikuwa na viti viwili visivyolingana. Alichukua msumeno akakata miguu ya kile kirefu, chake, mpaka tukawa tunaangaliana macho kwa macho. Saa aliiweka ukutani pembeni ili sote wawili tuione, mtu asilazimike kuchungulia mkono kama anayekimbiwa na basi.

Mara ya kwanza nilimpelekea habari za mkulima mmoja wa Nkubu aliyekuwa amepimwa akakutwa na virusi, na hataki mkewe ajue. "Madam," nikasema, "nimfanyie nini mtu huyu?"

"Mteja wako sijamwona," akasema. "Wewe nakuona. Tuanze na ninayemwona. Hujambo?"

Nilikasirika. Nimetoka Meru mpaka Embu, nimeomba ruhusa kwa matroni ambaye ruhusa kwake ni kama kung'oa jino, ndipo niulizwe kama sijambo. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Akataka kujua kinauma wapi. Nikasema kinauma kila siku mkulima huyo anapotarajiwa. Akauliza, kinaanza akiingia au kabla? Nikafikiri. Kinaanza nikisikia sauti yake kule nje akiwasalimu watu. Na hapo, cherehani zikilia, nikajisikia nikisema kwamba mtu yule ana sauti ya marehemu baba yangu, na kwamba baba naye alituficha ugonjwa wake mpaka tulipokuwa hatuwezi kumsaidia.

Madam Ciarunji hakunipa mbinu hata moja. Nilirudi Meru, mkulima akaja, na kwa mara ya kwanza nikamwona yeye, mtu mfupi mwenye shati la kijani na hofu nyingi, ambaye hakuwa baba yangu. Nilipoacha kumsukuma alianza kusogea mwenyewe. Baada ya vikao kadhaa alimleta mkewe, wakaketi wote wawili mbele yangu, akamwambia kwa kinywa chake.

Kifaa chetu kikubwa siku hizo kilikuwa kinasa sauti cha kaseti. Mteja akikubali, tunarekodi, kisha msimamizi anasikiliza pamoja nawe. Nilidhani Madam atasimamisha kaseti pale mteja aliposema jambo zito. Alisimamisha pale nilipokohoa. "Hapo ulimeza neno," alikuwa akisema. "Lilikuwa lipi?" Jaribuni hilo, nyinyi wenye simu zinazorekodi kila kitu. Msikilize kikohozi chenu.

Miaka ilipokwenda nikasomea usimamizi nami nikapewa washauri wa kusimamia, huku Meru na chini huko Embu na Mbeere. Neno lenyewe lilinipa taabu kuliko kazi. Huku kwetu kwenye majani chai, msimamizi ni yule anayesimama juu ya wachumaji na kukataa majani makubwa. Washauri walikuja kwangu kama watu wanaopeleka kikapu kwenye mizani.

Nakumbuka nilipokwenda Kiambere mara ya kwanza kukutana na kikundi cha washauri wa kujitolea. Jua la huko linajulikana. Walikuwa wamefagia uwanja wote, wamechinja kuku, na mezani kulikuwa na rundo la faili lililofika kidevuni. Wote wameketi wima, mashati yamefungwa mpaka kifungo cha juu.

"Faili ondoeni," nikasema. "Mimi nimekuja kuwaona nyinyi."

Wakaangaliana. Mwanamume mmoja mrefu aitwaye Ireri akauliza polepole, "Sisi? Tumefanya nini?"

Tulikula kuku kwanza. Ndipo Ireri akaeleza tatizo lake. Sehemu ile kila mtu ni shemeji ya mwenzake. Asubuhi anamsikiliza mtu akilia chumbani, jioni wanakutana kwenye kikao cha mahari, na anaogopa kumwangalia usoni, mteja asije akadhani anamkumbusha yale machozi. "Nimeanza kupita porini kwenda nyumbani," akasema, "ili nisikutane na wateja." Wenzake wakacheka, kisha mmoja akakiri kwamba naye anapita huko, na wa tatu akasema ndiyo maana njia ile imepanuka. Siku hiyo sikuwafundisha kitu. Walipoagana nami vifungo vya juu vilikuwa vimefunguliwa, na Ireri alikuwa amejipatia dawa yake mwenyewe: angewauliza wateja, mapema kabisa, wangependa awasalimu vipi wakikutana nje.

Sasa niwaambie juu ya Karimi, ambaye ndiye kesi ngumu kuliko zote nilizokaa nazo. Jina nimelibadilisha, na pia mambo mengine madogo. Karimi mwenyewe amesoma kurasa hizi kabla yenu na amekubali. Mzee mtakayemsikia katika kisa chake alishafariki.

Karimi alikuwa mshauri katika kituo kidogo hapo hapo Makutano, orofa ya juu ya duka la dawa za mifugo, ambako nami nilikuwa na chumba changu. Alikuja kwangu akiwa tayari mshauri mzuri, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mcheshi, mikono haitulii akiongea. Ili kutunza siri, mshauri humpa mteja jina la bandia anapoleta habari zake kwa msimamizi. Wengine hutumia herufi. Karimi alitumia mboga. Bwana Kabichi aligombana na ndugu zake juu ya shamba. Mama Karoti alikuwa na binti aliyeacha shule. Nikienda soko la Gakoromone kununua vitu vya nyumbani ilibidi nijizuie nisiziulize mboga hali.

Siku moja akasema, "Nina mzee mmoja. Mwalimu mstaafu."

Nikangoja jina la mboga. Halikuja.

"Mwalimu amefiwa na mkewe," akaendelea. "Wanawe wako Nairobi, hawapigi simu. Hali chakula vizuri. Namsikiliza. Anaendelea sawa." Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, mmoja juu ya mwingine.

"Na wewe, ukiwa naye?"

"Niko sawa, Mama."

Mwezi uliofuata ikawa vivyo hivyo. Kabichi aliingia chumbani na kelele zake zote, Karoti akaingia na machozi, halafu Mwalimu akapita kama taarifa ya habari. Msimamizi wa njia yetu hamhoji mtu kama polisi. Anasema anachokiona, kisha anakubali kusahihishwa. Kwa hivyo nikasema.

"Karimi, nikuambie ninavyoona, nawe uniambie kama nimekosea. Wateja wako wengine wote unawaingiza humu, mpaka nasikia wakikohoa. Huyu Mwalimu unamwacha nje ya mlango."

Akaangalia dirishani. Huko chini mtu alikuwa akipakua magunia ya chakula cha ng'ombe.

"Amenifundisha," akasema.

"Amekufundisha nini?"

"Darasa la sita, Mama. Alikuwa mwalimu wangu."

Akanieleza. Shuleni kwao, kama shule nyingi za wakati huo, kusema Kimeru kulikuwa kosa. Siku moja alimwomba mwenzake penseli kwa Kimeru, Mwalimu akasikia, akaja kutoka nyuma akampiga kofi la upande wa kichwa. "Sikulia," akasema. "Nilisikia kitu kama kengele, na kengele hiyo ikaendelea mpaka shule zikafungwa." Sikio likatoa usaha. Nyumbani wakatia mafuta ya moto kidogo, wakaomba. Tangu hapo sikio la kushoto halisikii. Mimi niliyekaa naye muda wote huo nilikuwa nimemwona akisogeza kiti kila akiingia na kukaa upande wa dirisha, nikafikiri anapenda mwanga.

"Yeye amekujua?"

"Atanijuaje? Natumia jina la mume. Na nilikuwa mtoto mwembamba, sasa niangalie." Alikaribia kucheka. Kisha uso ukabadilika. "Wiki iliyopita aliniambia, 'Nimefundisha maisha yangu yote, na hakuna mtoto hata mmoja anayenikumbuka.' Alikuwa analia. Mimi nimekaa hapo mbele yake. Na mimi, Mama..."

"Na wewe."

"Nilifurahi. Nilisikia utamu kabisa. Nikasema moyoni, kaa hapo hapo."

"Ulifurahi," nikasema.

"Sana."

Sikusema ni vibaya, na sikusema si kitu. Vijana, hapa ndipo kazi yetu ilipo. Kama ningekunja uso, hata kidogo, angelichukua neno lile akalirudisha lilikotoka, na tangu siku hiyo angeniletea Bwana Kabichi peke yake. Nilikaa. Yeye naye akaanza kulia, na mikono ikaamka, akawa anajipiga magoti nayo.

"Huniambii ni vibaya?" akauliza.

"Unataka nikuambie?"

"Nataka mtu aniambie!"

"Mimi naona mtoto aliyeumizwa," nikasema. "Na naona mshauri ambaye wiki baada ya wiki amejaribu kumtunza aliyemwumiza. Wote wawili wako kwenye kiti kimoja. Sina nia ya kumfukuza yeyote."

Alilia mpaka akatulia. Lakini kulikuwa na jambo lingine lililokuwa likinisumbua tangu aanze kueleza. "Mlipoagana wiki iliyopita," nikamuuliza, "alisema nini cha mwisho?"

"Alisema hatarajii kuyaona mahindi ya msimu huu yakikomaa."

"Ulimuuliza maana yake?"

"Sikumuuliza."

Watu hudhani njia yetu ni ya upole tu, kuitikia kwa kichwa na kusema ndiyo, ndiyo. Msimamizi anabeba pia wajibu kwa mtu ambaye hajawahi kumwona, na hapo sikumuuliza Karimi anajisikiaje.

"Swali hilo litaulizwa leo, kabla hujashuka ngazi," nikasema. "Wa kuliuliza anaweza kuwa wewe, anaweza kuwa mimi, anaweza kuwa Mutwiri, mshauri mwenzako wa chumba cha pili. Hilo utachagua. Kuuliza au kutouliza, hilo halina kuchagua."

"Nitauliza mimi," akasema, akafuta uso, akatoa simu. Aliiweka kwenye sikio la kulia.

Alimsalimu kwa Kiingereza, kama walivyozoea. Mzee alikuwa hataki lugha nyingine ofisini. Akamuuliza hali. Kisha akavuta pumzi, akaendelea kwa Kimeru. Mimi ni mtu wa Embu lakini nilielewa kila neno. Alisema, "Mwalimu, ulipoongea juu ya mahindi, ulikuwa unafikiria kujiua?"

Huko chini yule mtu wa magunia alikuwa amemaliza, gari likaondoka. Kisha Karimi akaanza kusema, "Ndiyo. Nasikia. Ndiyo, Mwalimu, niko hapa." Macho yake yalikuwa kwangu, nikamwashiria kwa kichwa aendelee. Mzee alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa muda, na cha kumsaidia kulifanya alikuwa nacho nyumbani. Karimi akamuuliza kama kuna mtu karibu. Mke wa ndugu yake alikuwa akilima ng'ambo ya ua. Aliitwa, akapewa simu. Kabla hawajamaliza kuongea yule mama alikuwa ameingia stoo na kutoa kilichokuwamo, na ilikuwa imekubaliwa kwamba Mwalimu atalala kwa ndugu yake, na asubuhi wamlete hospitali. Walimleta. Mutwiri alikwenda kuwapokea mlangoni.

Karimi alipoweka simu chini alikuwa ametoka jasho. "Amelia kwa Kimeru," akasema. "Sijawahi kumsikia akisema Kimeru."

Mzee alipotoka hospitali swali likabaki: Karimi aendelee naye au la? Maoni yangu niliyasema wazi. Niliona amkabidhi kwa Mutwiri, mara moja. Karimi alisikiliza akakataa. "Nikimwacha sasa hivi," akasema, "atahesabu kuwa ni mtu mwingine tena aliyemtupa. Nipe muda nimwache vizuri." Nilipima neno hilo nikaona lina uzito kuliko langu. Tukakubaliana wamwone wawili, yeye na Mutwiri, mpaka asimame imara, naye Karimi aje kwangu kila wiki badala ya kila mwezi.

Mimi nami nilikuwa bado na msimamizi. Nilikwenda Embu kwa Madam Ciarunji, aliyekuwa sasa mzee sana na anapokea watu nyumbani kwake. Nikamweleza yote. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, mpaka nikadhani amelala.

"Unataka amsamehe," akasema.

Nikafikiri. "Ndiyo. Nadhani nataka."

"Basi hilo ni lako. Libebe wewe, usimpe msichana wa watu."

Alikuwa amesema kweli. Sisi ni watu wa kanisa. Tunapenda mambo yaishe watu wakikumbatiana na wimbo ukiimbwa. Nililiacha hilo pale kwake na nikarudi Meru nikiwa mwepesi.

Wakati wa kukabidhi ulipofika, Karimi alitaka tufanye mazoezi ya atakachosema. Mimi nikawa Mwalimu. Mara ya kwanza alinishtaki mpaka nikataka kuomba wakili. Mara ya pili alinidanganya kwamba amepata uhamisho, na alidanganya vibaya sana, macho yote darini. Mara ya tatu alisema maneno machache, akanyamaza, akasema, "Haya ndiyo." Sikuongeza kitu.

Kilichotokea chumbani nilisimuliwa na yeye, na Mutwiri akanisimulia vivyo hivyo.

"Mwalimu," Karimi alisema, "kuanzia wiki ijayo utaendelea na Mutwiri peke yake. Sijachoka nawe. Ulinifundisha darasa la sita. Kuna mambo ya wakati ule ambayo bado ninayo, na yananizuia kukusikiliza vile unavyostahili."

Mzee alivua kofia. "Wewe ni wa nani?"

Akamtajia jina la baba yake, na mahali alipokuwa akiketi darasani. Mzee akamwangalia.

"Sikukumbuki," akasema.

Karimi aliniambia neno hilo lilimuuma kuliko kofi.

"Nilikupiga?" mzee akauliza.

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Sikio. La kushoto."

Mzee akageuza kofia mikononi, akaizungusha, akaizungusha tena. "Kila nikiongea nimekuwa nikikuona unageuza kichwa," akasema. "Nilidhani ndivyo mnavyofundishwa kusikiliza."

Mutwiri, ambaye ni kijana mwema lakini kimya humwasha, aliniambia alishika kiti kwa mikono miwili ili asiseme kitu cha kijinga. Halafu mzee akasema kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo siku zote hizi umekuwa ukinisikiliza na sikio moja."

"Na moja," Karimi akasema.

Hakuomba msamaha siku hiyo, na Karimi hakuutoa. Mzee alivaa kofia yake, akasimama, akamwendea Karimi akampa mkono, na mkono huo akaushika kwa muda. Mlangoni akageuka akamuuliza Mutwiri wiki ijayo ni saa ngapi.

Nimeulizwa kama mwishowe alimsamehe. Sijui, na sikuuliza. Najua kwamba wiki chache baadaye Karimi alikwenda kwa daktari wa masikio, jambo ambalo hakuwa amelifanya maisha yake yote. Daktari alimwambia hakuna la kufanya sasa, naye akajibu kwamba hakuja kwa ajili hiyo, alitaka tu mtu aangalie aone ni kweli.

Mzee aliendelea na Mutwiri. Baada ya miezi akaanza kukosa vikao, na Mutwiri akanijia na wasiwasi mwingi. Nikamuuliza sababu aliyopewa. Ng'ombe alikuwa amezaa. Nikamwambia mtu anayekosa kikao kwa ajili ya ndama ametuletea habari njema, aende akanywe chai. Mwalimu aliishi miaka kadhaa tena na akafa kwa uzee, kitandani kwake, watu wake wakiwapo, hata wale wa Nairobi. Mimi sikuwahi kumwona hata siku moja. Huenda tulipishana sokoni, huenda nilimkanyaga mguu nikamwomba radhi. Mtapata wateja wengi wa namna hiyo mkiifanya kazi hii vizuri.

Nilipostaafu wenzangu walinifanyia chai pale pale chumbani. Kulikuwa na mukimo, ule mseto wetu wa viazi na mahindi, na kuku, na hotuba ndefu kuliko nilivyostahili. Mkubwa wa kituo akamwita Karimi, ambaye sasa ni msimamizi na ana washauri wake, aseme alichojifunza kutoka kwangu. Akasimama, akafikiri, mikono ikatulia.

"Kusema kweli," akasema, "sikumbuki hata neno moja Mama Njeru aliloniambia. Nakumbuka tu yale niliyosema mimi."

Watu wakacheka. Mkubwa wa kituo akainamia sahani yake kwa haya. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimefanya kazi miaka yote nikitumaini mtu atakuja kusema hivyo, na sasa lilikuwa limesemwa mbele ya watu na sufuria. Nikamwambia aketi kabla hajaniharibia jina kabisa. Kisha nikaomba mtu anipitishie chai.